Usalama viwanjani: Mtihani wa AFCON 2027 uko mlangoni

KENYA, Uganda na Tanzania zilipokabidhiwa kwa pamoja, Septemba 27, 2023, uenyeji wa fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika za 2027, mjadala ulielekezwa zaidi kwenye viwanja, barabara na hoteli. Ni wachache waliouliza nani atasimama mlangoni siku ya mechi, na amefundishwa nini.

Agosti 2025 swali hilo lilijitokeza lenyewe. Katika fainali za CHAN zilizoandaliwa na nchi hizo tatu, mashabiki wasio na tiketi walijipenyeza kwa nguvu katika uwanja wa Kasarani, Nairobi, Kenya ilipokuwa ikicheza na Morocco. Shirikisho la Soka Afrika (CAF) lilijibu kwa kupunguza idadi ya watazamaji wa mechi iliyofuata ya Kenya hadi 27,000, ilhali uwanja huo huchukua takribani 48,000, na kuagiza tiketi ziwe za kielektroniki pekee.

Hilo halikuwa onyo la kwanza. Oktoba 2010, watu saba walikufa katika msongamano kwenye uwanja wa Nyayo, katika mechi ya Gor Mahia na AFC Leopards. Mei 2023, shabiki mmoja alipoteza maisha na wengine 30 kujeruhiwa kwenye Uwanja wa Benjamin Mkapa, Dar es Salaam, Yanga ilipoikaribisha USM Alger katika fainali ya Kombe la Shirikisho.

Historia ya maafa ya viwanjani inafundisha jambo moja: mara nyingi kinachoua si adui aliyepenya, bali uamuzi mbaya wa wale waliowekwa kulinda. Mjini Accra, Mei 9, 2001, mashabiki waliong'oa viti walijibiwa kwa mabomu ya machozi huku milango ikiwa imefungwa. Watu 126 walikufa. Mjini Yaounde, Januari 24, 2022, wanane walikufa mbele ya mlango wa uwanja wa Olembe ambao ulipaswa kuwa wazi. Miezi minane baadaye, mjini Malang, Indonesia, mabomu ya machozi yalipigwa tena kuelekea majukwaani, na watu 135 wakapoteza maisha.

Uingereza nayo ililipa gharama hiyo Aprili 15, 1989 huko Hillsborough, ambako watu 97 walifariki. Kamanda wa polisi wa siku hiyo alikuwa amekabidhiwa wadhifa huo chini ya wiki tatu kabla. Aliruhusu lango la nje lifunguliwe ili kupunguza msongamano, lakini njia iliyoelekea kwenye majukwaa yaliyokwisha kujaa haikufungwa. Askari walikuwapo wengi; kilichokosekana ni ujuzi wa kusoma umati.

Wapo watakaosema kwamba ukanda huu una tishio halisi la ugaidi, na hoja yao ina uzito. Julai 11, 2010, mabomu yaliua zaidi ya watu 70 mjini Kampala walipokuwa wakitazama fainali ya Kombe la Dunia. Hata hivyo, upekuzi usiopangwa huzaa foleni, na foleni isiyosogea huzaa mkanyagano. Anayepanga upekuzi na anayehesabu watu kwa dakika mlangoni hawana budi kuketi meza moja.

Hapo ndipo mafunzo yanapohitajika. Msimamizi wa mashabiki anapaswa kutambua dalili za msongamano kabla watu hawajaanza kuanguka, na kujua ampigie nani redio. Afisa usalama wa uwanja awe na mamlaka ya kuchelewesha mechi bila kusubiri simu ya mkubwa. Askari naye afundishwe kwamba bomu la machozi ndani ya uwanja huwakimbiza maelfu kuelekea milango michache. Kanuni za usalama za FIFA zenyewe zinakataza gesi hiyo uwanjani.

Ujuzi huo si siri. Tangu 2012 Interpol imekuwa na mradi maalumu, Stadia, wa kuwafunza maofisa wa nchi zinazojiandaa kwa mashindano makubwa. Lakini semina ya siku tatu hotelini haitoshi iwapo vyeti vitaishia kwa wakubwa, huku kijana aliyeokotwa asubuhi ya mechi akipewa kizibao na kuambiwa alinde lango.

Uwanja wa mazoezi upo tayari. Mechi ya Simba na Yanga, au ya Gor Mahia na AFC Leopards, huleta umati na jazba zinazokaribia zile za fainali. Serikali tatu zikikubaliana kuhusu mtaala mmoja, na kuupima katika mechi hizo, zitajua udhaifu wao mapema. Zisipofanya hivyo, udhaifu huo utagunduliwa na mashabiki, wakiwa wamebanwa kwenye lango lililofungwa.