Daraja Lipi Kwanza?

Novemba 2023, mvua za El Niño zilipopamba moto, barabara kuu ya Mombasa–Malindi ilikatika. Haikukatika kwenye daraja la Kilifi, lile refu lililofunguliwa 1991 ambalo kila mgeni hulipiga picha. Ilikatika Mbogolo, kwenye daraja dogo ambalo abiria wengi walikuwa wakilipita bila hata kulijua jina.

Toleo hili linauliza: fedha za matengenezo zikiwa haba, lianze daraja lipi? Mazoea huanza na lile kuukuu, au na lile lenye mheshimiwa wa kulisemea. Mpango unaopima hatari huuliza mambo mawili kwa pamoja: uwezekano wa daraja kuharibika ni mkubwa kiasi gani, na likiharibika, nani atakwama? Daraja la Kilifi likifungwa, gari litazunguka bara kupitia Kaloleni, Bamba na Ganze. Mgonjwa anayekimbizwa Mombasa hana saa za mzunguko huo.

Pwani hii ina maadui wawili. Chumvi ya bahari hupenya zege taratibu hadi kwenye nondo. Kutu huvimba, zege hupasuka na kubanduka. Adui huyu angalau hujitangaza: mkaguzi akigonga kwa nyundo, zege lililoachana ndani hulia kama debe tupu. Adui wa pili hufanya kazi gizani. Mto Sabaki, kaskazini mwa Malindi, huleta maji ya mto Athi kutoka nyanda za Nairobi, pamoja na yale ya Tsavo. Ukifurika, mkondo huchimba udongo kwenye misingi ya nguzo, huku juu lami ikibaki safi kabisa. Ukaguzi wa kupunguza mwendo na kuchungulia dirishani (upo, tusidanganyane) hauwezi kuliona shimo hilo.

Marekani ilijifunza kwa msiba. Silver Bridge lilipoanguka 1967 na kuua watu 46, ndipo ukaguzi wa madaraja ukawekewa sheria ya taifa zima.

Kenya haikosi pa kuanzia. Tangu Julai 2024 kila lita ya petroli au dizeli hutozwa shilingi 25 za matengenezo ya barabara, fedha ambazo kaunti na Bunge wamezivutania hadi mahakamani. Mvutano uishe au usiishe, orodha ya madaraja na makalavati ya Kilifi, yaliyopangwa kwa hatari na si kwa ukubwa, ingeweza kubandikwa hadharani kabla ya kila masika, pamoja na tarehe ya mwisho ambayo mtu alishuka chini ya kila moja.