Cheti Hakipigi Fidla

Nasema wazi, na atakayekasirika akasirike: hizi semina za kuwainua watunzi chipukizi wa muziki hazimwinui mtunzi. Zinamwinua mwenye ukumbi, zinamwinua mpika sambusa, zinamwinua mtaalamu mwenye bahasha yake ya posho. Mtunzi mwenyewe anarudi zake Mbagala na cheti, fulana yenye nembo ya mradi na kalamu ya bure. Nota zake zimo mkobani vilevile kama alivyokwenda nazo. Hakuna aliyezipiga.

Mtaniuliza, wewe mwandishi wa riwaya una nini na mambo ya nota? Kweli, mimi niliishia kidato cha nne, na nota naziona kama sisimizi waliopanda kwenye nyaya za umeme. Lakini naujua uchungu wa kuwa na kazi isiyotoka, na kila nikijilinganisha na mtunzi wa muziki naona mimi ni tajiri. Riwaya yangu haina mchapishaji, sawa. Lakini imo kwenye kaunta buku mbili, na jirani akitaka anaazima, anaisoma usiku kucha, asubuhi ananiambia sura ya nne imelala usingizi. Hapo kazi yangu imefika kwa mtu. Mtunzi wa muziki je? Namsema yule anayetunga kwa kuandika, sauti nne za kwaya au ala kadhaa, ili watu wengine waje waipige kazi kama alivyoiandika. Muziki huo wanauita wa kiklasiki, na wengi wetu tukisikia neno hilo tunafikiria Mzungu wa kwenye picha mwenye nywele za bandia, aliyekufa zamani. Kumbe mtunzi wake wa leo yu hai, anagombania daladala kama wewe. Ila kazi yake haiazimwi na jirani. Mpaka watu wanne wakae, wafanye mazoezi, waipige, ndipo kazi inapokuwepo. Kabla ya hapo ni karatasi.

Nina jamaa yangu mmoja, mchana anatengeneza simu Kariakoo, usiku anatunga. Ana kazi ya dakika kumi na mbili, ya fidla mbili, viola na selo. Amehudhuria semina tatu, ana vyeti vitatu ukutani, na katika shindano moja alipata nafasi ya pili. Majaji waliihukumu kazi yake kwa macho, juu ya karatasi, kama watu wanaoonja pilau kwa kusoma orodha ya viungo. Mpaka leo hii hajasikia hata mstari mmoja wa kazi yake. Sasa naomba mnijibu: huyu kijana amesaidiwa, au ametumiwa kujazia ripoti?

Najua mnachotaka kusema. Eti leo kuna kompyuta, si aweke nota humo zimpigie? Anaweka, bwana, tena kila usiku. Lakini kompyuta haina mapafu. Ukiiandikia sauti ya pili noti ya juu kabisa na ukaishikilia mizani kumi na sita, kompyuta itaiimba bila jasho. Mpe mama wa kwaya noti hiyohiyo uone atakavyotoka macho. Kompyuta haikwambii kwamba kidole hakifiki pale, kwamba upinde umekwisha kabla ya sauti kwisha, kwamba fidla ya pili imeimeza viola. Mambo hayo anakwambia mpigaji, tena kwa kununa. Mnuno huo ndio shule, na hakuna semina iliyowahi kuufundisha.

Angalieni wenzetu wa bongo fleva. Kijana anaingia studio ya uchochoroni saa mbili usiku, saa sita anatoka na wimbo wake kwenye simu, keshokutwa anajua watu wameupokea au wameutema. Anakosea leo, anasahihisha kesho. Ndiyo maana wanakua haraka, wala hawana akili kutuzidi. Mtunzi wa nota anakosea mwaka huu, na kosa lake halisikii mpaka anazeeka.

Wako watakaosema huu ni muziki wa Wazungu, hautuhusu. Hao naomba wavuke bahari kidogo tu, wafike Unguja. Historia ya taarabu inasimulia kwamba Sultani Barghash, aliyetawala 1870 hadi 1888, alimpeleka Mohamed bin Ibrahim nchini Misri akajifunze kupiga kanuni, na aliporudi akawafundisha wengine, kukawa na kundi la kupiga jumbani. Tazameni alichofanya mtawala yule: alisomesha mtu, kisha akahakikisha kuna watu wa kupiga pamoja naye. Mwaka 1905 ikaanzishwa Ikhwani Safaa, na mwaka 1958 Culture Musical Club. Katika vilabu vya namna hiyo mshairi huleta maneno, mtunzi huyatia sauti, halafu wapigaji wa fidla, udi na kanuni hukutana jioni kuujaribu wimbo. Pasipokaa vizuri panarekebishwa palepale, mbele ya mtunzi. Fidla imekaa kwenye muziki wetu zaidi ya miaka mia moja, na bado kuna mtu anaiita ngeni!

Tena wapigaji tunao. Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, kilichofunguliwa Unguja mwaka 2002, kimefundisha vijana fidla, udi na kanuni, na kusoma nota. Kwaya zetu za makanisani zinasoma sauti nne kila Jumamosi jioni. Wanaojua kupiga wapo na wanaojua kutunga wapo, ila hakuna anayelipia siku mbili za kuwakutanisha.

Hao Wazungu wenyewe mnaodai muziki ni wao, hawatoi semina tupu. Okestra ya London Symphony ilianzisha mwaka 2005 mpango wa watunzi chipukizi wenye jina la mtunzi Andrzej Panufnik, Mpolandi aliyehamia Uingereza. Kila mwaka walichukuliwa watunzi sita. Kila mmoja aliandika kazi ya dakika tatu hivi, na okestra nzima ikakaa ikazipiga, mtunzi akiwa palepale ukumbini. Dakika tatu, jamani! Hawakumpa mtu hotuba ya kutwa nzima kuhusu kujiamini. Walimpa dakika tatu za kupigiwa, ajue alichoandika, na baadaye baadhi yao wakaagizwa kazi ndefu zaidi. Okestra yenye ukubwa ule hatuna, lakini watu wanne na siku mbili hazitushindi.

Au mchukueni jirani yetu, Justinian Tamusuza wa Uganda, aliyezaliwa 1951. Mwaka 1988 aliandika kazi ya fidla mbili, viola na selo, na jina akaipa kwa Kiganda, maana yake Njia ya Msalaba. Kikundi cha Kronos Quartet cha Marekani kiliipiga sehemu ya kwanza, na mwaka 1992 ikatoka katika albamu yao ya Pieces of Africa, iliyopanda hadi kileleni mwa orodha za mauzo ya muziki wa namna hiyo huko Marekani. Kipaji Tamusuza alikuwa nacho, na elimu pia. Lakini dunia ilimjua siku watu wanne walipokaa wakapiga. Kinachoniuma ni kwamba watu hao walikuwa San Francisco, wakati sisi wa jirani tulikuwa tumekaa tukisubiri mgeni rasmi afungue warsha.

Mfano wa mwisho mnausimamia wima kila sherehe. Sauti ya wimbo wetu wa taifa ilitungwa mwaka 1897 na Enoch Sontonga, mwalimu wa shule karibu na Johannesburg. Sontonga hakuwa na cheti cha semina ya mtu. Alikuwa na kwaya. Alichotunga, watoto wake wa shule walikiimba. Kisha kwaya nyingine zikauchukua wimbo, na mwaka 1912 ukaimbwa kwenye mkutano wa kuanzisha chama kilichokuja kuwa ANC, na mwaka 1961 ukafika kwetu na uhuru. Mwenyewe alikuwa amekufa tangu 1905, akiwa kijana wa miaka thelathini na ushei. Inasimuliwa kwamba mjane wake aliuza haki za wimbo huo kwa peni sita. Kaburi lake lilikaa miaka na miaka bila kujulikana, mpaka lilipotambuliwa na kufanywa kumbukumbu ya taifa la Afrika Kusini mwaka 1996. Kwaya ziliuokoa wimbo, lakini hakuna aliyemwokoa mtunzi. Kwa hiyo kupigiwa peke yake hakutoshi; lazima na ujira uwepo.

Hapo mtu wa ofisini atanijibu kwamba sheria ya hakimiliki ipo tangu 1999, mtunzi akajisajili. Akajisajili, vizuri sana. Lakini mrabaha hutoka pale kazi inapopigwa. Kazi ambayo haijapigwa hata siku moja italipwa mrabaha wa nini, wa ukimya? Sheria inalinda shamba lililokwisha kuzaa. Huyu wetu hata mvua hajapata.

Basi nisionekane nalalamika tu, nataja ninachodai, na wenye miradi waandike.

Kwanza, pasiwe na shindano la utunzi linalohukumiwa kwa karatasi. Kazi zinazofika fainali zipigwe, mtunzi akiwepo, zirekebishwe, zipigwe tena, ndipo majaji wafungue midomo yao.

Pili, mtunzi akiagizwa kazi alipwe kama fundi seremala anavyolipwa: nusu unapoagiza kabati, nusu linapokamilika. Hakuna anayemwambia seremala kwamba atalipwa kwa kujulikana. Na viongozi wa kwaya mnaodai nyimbo za bure kwa ajili ya Mungu, mbona mafundi wa spika mnawalipa?

Tatu, kazi ikipigwa mara ya kwanza, ipigwe mara ya pili, mahali pengine, kabla mwaka haujaisha. Onyesho la kwanza huwa na mgeni rasmi na kamera. Ni la pili linaloonyesha kama watu wanautaka muziki wenyewe.

Nne, zitengwe hela za kunakili. Kila mpigaji anahitaji karatasi yake, na nakala moja ibaki maktaba. Nyimbo nyingi za Sontonga zilipotea kwa sababu zilikaa kwenye makaratasi ya mtu mmoja.

Mtasema hela hakuna. Hela ipo, imekaa kwenye bango. Chukueni gharama ya ukumbi wa hoteli, chai ya saa nne, chakula cha mchana, mabango, fulana, posho za wakubwa na mafuta ya magari yao. Futeni semina moja tu. Wapigaji wanne watalipwa siku mbili, mtunzi atapata ujira wake, na karatasi zitanakiliwa. Kinachokosekana ni mtu mwenye ujasiri wa kuandika ripoti isiyo na picha ya pamoja.

Na ninyi wenzangu wa kalamu, msikae mkinishangilia kana kwamba hayawahusu. Mwimbaji anahitaji maneno, na maneno ndiyo kazi yetu. Katika taarabu mshairi na mtunzi walikuwa wakikaa mkeka mmoja. Sisi leo mshairi yuko kijiweni kwake, mtunzi yuko kwake, kila mmoja analia peke yake. Nampa jamaa yangu wa Kariakoo kurasa tatu za riwaya yangu azitie sauti. Atakayekuwa na shairi naye ampelekee mtunzi wa mtaani kwake. Na mhariri wa gazeti hili namwomba hadharani atoe ukurasa mmoja wa nota kila toleo, hata kama wasomaji wengi wataona sisimizi tu kama ninavyowaona mimi. Miongoni mwenu yupo anayejua kuzisoma, na nyumbani kwa mjomba wake ipo fidla inayoota vumbi juu ya kabati. Huyo ndiye ninayemtafuta. Aishushe, aifute, atafute wenzake watatu.