Kipya Kinyemi, Lakini Picha za Mwaka Jana Bado Zinauza



Leo tunataka kusema jambo ambalo baadhi ya wenzetu wa biashara huenda wasilipende. Tumechoka na hii habari ya kwamba mwenye duka lazima kila siku aweke kitu kipya mtandaoni. Asubuhi picha mpya, mchana video mpya, usiku tena mpya, na asiyefanya hivyo anaambiwa hajui biashara. Sisi tunasema wengi wetu tunavyo vya kutosha tayari. Vimelala ndani ya simu. Tunaviweka mara moja, vinapotea, kisha tunaanza kuhangaika upya kama watu ambao hawajawahi kufanya kazi.

Sisi ni mafundi wa nguo za kike: abaya, madera, nguo za harusi na sare za shughuli. Duka letu ni dogo, charahani tatu na meza moja ya kukatia. Ushoni tulisomea. Kutafuta wateja kwa simu hatukusomea popote, tumejifunza kwa kukosea.

Kosa letu la kwanza tulilijua Ramadhani moja, katika kumi la mwisho. Saa nane za usiku tulikuwa dukani tunarekodi video ya namna ya kujipima abaya, kwa sababu wateja walikuwa wanatuma vipimo visivyoeleweka. Msikiti wa jirani watu wamesimama kwenye kisimamo cha usiku, sauti ya imamu tunaisikia, na sisi tunagombana na taa. Video tukaiweka kwenye stetasi ya WhatsApp. Baada ya saa 24 ikaondoka, kama zinavyoondoka zote. Baada ya Idd tukakaa kupekua simu ili tupunguze mizigo, na tulichokikuta kilitutia haya. Video ile ile, maneno yale yale, tulikuwa tumeshairekodi mwaka uliotangulia! Usiku ule tuliupoteza kufanya kazi iliyokwishafanywa.

Tangu siku hiyo tumebadilisha mwendo, na ndio tunayotaka kuwashauri nyinyi wenzetu, mwenye kushona, mwenye kupika, mwenye kupaka hina na mwenye kuuza udi.

Tazameni kanga ndani ya nyumba zetu. Ikiwa mpya tunaendea shughuli. Ikichuja kidogo inakuwa ya nyumbani na ya jikoni. Mtoto akizaliwa inakuwa mbeleko. Ikichoka kabisa inakatwa vitambaa vya kufutia. Hakuna mama wa kisiwani anayevaa kanga mara moja akaitupa. Kwa nini basi tunaitupa kazi ya mikono yetu baada ya saa 24?

Sisi ile video ya kujipima tuliikata vipande. Kipande cha bega peke yake, kifua peke yake, mkono peke yake, urefu peke yake. Kutoka humo tukatoa picha moja yenye mistari na namba. Maneno yake tukayaandika kwa ufupi tukayahifadhi kwenye majibu ya haraka ya WhatsApp ya biashara, mtu akiuliza tunabonyeza tu. Tukarekodi pia sauti kwa ajili ya bibi zetu wasiopenda kusoma. Na karatasi yake tumeibandika dukani. Kazi ya siku moja imetuhudumia misimu mitatu sasa, alhamdulillah, na kila mwaka tunaongeza kitu kidogo tu pale tunapoona watu bado wanakosea.

Mfano wa tulichoongeza ni habari ya inchi na sentimita. Jamaa zetu walioko Oman wakiagiza abaya husema "mie navaa 56", kwa sababu kule abaya huuzwa kwa urefu, na hizo ni inchi kutoka begani hadi chini. Aliyeko London anatuandikia 142. Fundi asipouliza atashangaa mtu huyu ana urefu gani, kumbe ni sentimita, na 142 ni karibu na hiyo hiyo 56. Jibu hili tulikuwa tunalitoa mmoja mmoja, kwa sauti, kila mara. Sasa ni picha moja.

Wapo watakaosema: "Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kazi yenu ikiwa nzuri mnahangaikia nini?" Methali hiyo tunaiheshimu, lakini kizuri kinajiuza kikiwa kimeonekana. Na katika biashara yetu, anayeuliza bei leo mara nyingi hanunui leo. Anauliza mwezi wa Rajabu, harusi ya mdogo wake ni Mfungo Mosi. Anauliza akiwa hana pesa, anangoja zamu yake ya mchezo. Wengi wetu tukimwambia bei akanyamaza tunasema "huyo mbahili tu" tunampita. Hapo ndipo tunapopoteza. Yule hajakataa, anafikiri, na mtu anayefikiri anahitaji msaada.

Kwa hiyo sisi tuna daftari, daftari la karatasi kabisa, maana wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Aliyeuliza tunaandika jina, alichouliza na shughuli yake ni lini. Tunamuomba ruhusa: "Dada, tukutumie maelezo yatakayokusaidia kuchagua?" Akikubali, baada ya siku chache tunamtumia kile tulichonacho tayari. Aliyeuliza abaya anapata maelezo yetu ya vitambaa: nida inaanguka vizuri na haing'ang'anii mwilini, shifoni inataka kitambaa cha ndani, na pamba lazima irowekwe kabla ya kukatwa, vinginevyo itarudi ikifuliwa. Anapata pia hesabu ya kitambaa: cha upana wa inchi 60, mtu wa wastani mita 3 hivi zinamtosha kwa abaya ya kawaida, mikono mipana au mtindo wa kumwagika unataka zaidi. Karibu na shughuli yake tunamkumbusha tarehe ya mwisho ya kupokea kazi. Basi. Hatumsumbui kila siku wala hatumtumii usiku, kwani simu nyengine zinashikwa na mume au watoto, na si kila mtu anapenda nyumba nzima ijue anashona nini. Akisema hataki tena, tunafuta namba yake kwenye orodha siku ile ile.

Tujue pia kuwa ujumbe wa orodha ya matangazo ya WhatsApp humfikia yule tu aliyehifadhi namba yako. Kwa hiyo mteja akikubali, mwambieni aihifadhi, la sivyo mtakuwa mnaongea na ukuta.

Jambo jengine ni kalenda. Simu na mitandao inakumbusha mambo kwa mwaka wa kizungu: "siku kama ya leo mwaka jana". Kwetu haifai sana. Ramadhani inarudi nyuma kama siku 11 kila mwaka, na biashara zetu zinakwenda na mwezi. Sisi picha zetu tunazipanga kwenye simu kwa miezi yetu. Za Shaabani ziko peke yake, maana watu wanakimbilia harusi kabla ya mfungo na wanaanza kuulizia nguo za Idd. Za Mfungo Mosi peke yake, za Mfungo Tatu kwa Idd ya kuchinja, za Mfungo Sita kwa kanzu na nguo za maulidi. Mwezi ukiingia tunafungua, tunachagua, tunasahihisha, tunaweka. Usiku wa kumi la mwisho sasa duka limefungwa na sisi tuko kwenye swala. Hata kama hili lisingetuletea mteja hata mmoja, kwa hilo peke yake lingetosha.

Lakini sasa tuseme na upande wa pili, maana si haki kusifu tu.

Kuna mwaka tulikuwa na haraka, tukachukua picha ya mteja wetu aliyevaa gauni tulilomshonea kwa harusi ya dada yake. Limenakshiwa kwa shanga, mikono imejaa hina, mashallah alipendeza. Uso hatukuuonesha, na ruhusa alitupa siku ile. Picha ilikuwa ya miaka mitatu nyuma. Tukaiweka asubuhi bila tarehe, bila maneno, tukaendelea na kazi. Jioni alitupigia mama yake. Hakugomba, na afadhali angegomba. Alisema kwa sauti ya chini kwamba mwanawe yuko ndani ya eda, mumewe amefariki mwezi uliopita, na watu waliomjua kwa mkono na pete wameanza kuulizana vipi mwenye eda amepambwa na kutiwa hina, amekwenda harusi ya nani.

Jamani, hatukujua pa kuficha uso. Picha tuliifuta, tukaandika kwamba ilikuwa ya zamani, na tukaenda kuomba radhi kwa miguu yetu. Walitusamehe. Lakini neno likishatoka halirudi, na yule dada alikuwa na miezi minne na siku kumi za kukaa na huzuni yake kwa utulivu. Sisi tulimtilia fitna mlangoni kwa ajili ya kuuza gauni.

Tulijifunza kwamba kazi ya mikono yetu ni yetu, ila mwili wa mteja si wetu. Ruhusa aliyoitoa siku ya furaha si ruhusa ya maisha. Tangu mlipompiga picha huenda amefiwa, ameachwa, ameamua kuvaa nikabu, au hataki tu. Picha ya mtu ni amana, na amana huulizwa mwenyewe kila inapotaka kutumika. Siku hizi nguo tunazipiga picha kwenye henga au mezani, na ikiwa imevaliwa, tunamtumia mhusika ujumbe kwanza: "Dada, tunaomba kuiweka tena hii, ni sawa?" Asipojibu, haiwekwi.

Amana nyengine ni ukweli wa bei. Picha ya zamani ikirudi na bei ya zamani, mteja anakuja na pesa mkononi mnaanza kuvutana. Au kitambaa kimekwisha sokoni na wewe unajua. Mtume (S.A.W.) alipopita sokoni alitia mkono ndani ya rundo la chakula akakuta chini kumerowa, akamkataza mwenye mali kuficha kile kilichorowa watu wasikione. Sisi tunaona picha ya zamani iliyofutwa tarehe inafanana na rundo lile: juu kavu, ndani maji. Andikeni tu: "Hii tuliishona mwaka jana, kitambaa hiki hakipo, kinachofanana nacho kipo, bei ya leo ni hii." Hakuna mteja aliyetukimbia kwa kuambiwa ukweli.

Na za wenzenu msichukue. Picha ya abaya ya fundi wa Dubai ukaiweka kama umeshona wewe, hiyo si kutumia tena ulichonacho. Ni kuvaa nguo ya jirani, na siku mteja atakapopokea kitu chengine jina lako ndilo litakalochafuka.

Wapo watakaotuuliza, je, watu hawatachoka kuona mambo yale yale? Jibu letu ni kwamba si wale wale wanaotazama. Aliyeziona mwaka jana ameshashona. Anayetazama leo ni binti aliyemaliza skuli juzi na anashona abaya yake ya kwanza, ni mama ambaye mwaka jana hakuwa na haja. Ni kweli mitindo inachakaa, hasa ya harusi, na mtindo uliopitwa msiurudishe kwa sababu tu picha ni nzuri. Elimu lakini haichakai upesi. Bega linapimwa leo kama lilivyopimwa zamani. Kwa hiyo mkipekua simu tengeni mafungu mawili, la mitindo na la maelezo, na nguvu zaidi wekeni kwenye maelezo.

Kwa wanaotaka kuanza, tunashauri wasianze na kununua simu mpya wala taa. Kaeni siku moja baada ya laasiri, someni mazungumzo yenu ya miezi mitatu na wateja, andikeni maswali yanayojirudia. Huenda yasizidi kumi. Majibu yake mmeshayatoa mara nyingi, kwa maandishi au kwa sauti, tena vizuri. Yakusanyeni, yasafisheni, hifadhini na nakala nje ya simu, maana simu huibiwa na huingia maji. Hapo mnayo mali ya mwaka mzima.

Tumefundishwa kuwa jambo dogo linalodumu linapendeza kwa Mola kuliko kubwa la siku moja. Tunaamini biashara zetu nazo ni hivyo. Kipya kinyemi ingawa kidonda, lakini tusiuguze usiku wetu, watoto wetu na ibada zetu kwa kukimbilia kipya kila siku, wakati cha jana bado kizima.

Mwenyezi Mungu atupe riziki ya halali yenye baraka, amrehemu mume wa dada yetu yule, na atujaalie tuwe waaminifu kwa amana za watu. Amin.

Wabillahi tawfiq.