Mwanagenzi wa Manukato katika Sayari Ngeni: Dhidi ya Uhakiki Usionusa

Upo uhakiki uliozoea kuihukumu kazi ya fasihi kabla haijaandikwa. Mwanafunzi wa uzamili akileta pendekezo la kuchunguza, seuze kutunga, kisa cha kijana anayepelekwa katika sayari ngeni awe mwanagenzi wa fundi wa manukato, hukumu huwa imekwisha kupitishwa: hizo ni ndoto za mchana, huko ni kuyakimbia matatizo ya jamii, hiyo ni mada ya watu walioshiba. Mwanafunzi huyo huelekezwa kwenye ufisadi na migogoro ya ardhi, mada ambazo hapana anayebisha uzito wake. Hukumu hiyo ni ya kivivu. Inatokana na kutoijua historia ya utanzu wenyewe, na chini yake mna dharau kongwe zaidi: dharau kwa pua, kwa mikono, na kwa watu, wengi wao wanawake, ambao elimu yao imo puani na mikononi.

Kwanza historia. Wanaodai kwamba mada hii imeletwa juzi na filamu za Marekani hawajarudi nyuma vya kutosha. Katika karne ya 2, Lucian wa Samosata, Mshami aliyeandika kwa Kiyunani, alitunga masimulizi ya uongo aliyoyaita ya kweli, ambamo merikebu inapeperushwa hadi mwezini. Watu wa huko hawali chakula kwa vinywa. Huchoma vyura juu ya makaa na kuvuta moshi wake, na huo ndio mlo wao. Tena, kwa kitunguu hutengeneza mafuta yanayonukia kama manemane. Basi fundi wa manukato wa ulimwengu mgeni ana umri wa miaka elfu moja na mia nane, na malighafi yake ni kitunguu! Lucian alikuwa akiwadhihaki wasafiri waongo, lakini dhihaka hiyo imejengwa juu ya swali zito: pua ya mwanadamu ingehukumu nini pale ambapo kaida zake zote zimepinduliwa?

Baada yake akaja Thomas More. Katika Utopia (1516) kila raia lazima ajifunze ufundi mmoja pamoja na kilimo, na More anazitaja kazi zenyewe: sufu, kitani, uashi, uhunzi, useremala, nyingine, anasema, si za kutajika. Hata hivyo, wananchi wake hao hao wakikaa kula chakula cha jioni huchoma manukato na kunyunyiza marashi. Nani aliyeyatengeneza? More hasemi. Jamii kamili inanukia, ila aliyeinukisha hana jina wala hana karakana. Pengo hilo lingetosha kuwa tasnifu nzima, na linajirudia katika fasihi iliyo karibu zaidi na msomaji wa Kiswahili.

Walenisi (1995) ya Katama Mkangi ndiyo riwaya ya Kiswahili inayotajwa kwanza panapozungumzwa safari ya angani. Dzombo, aliyehukumiwa kufa kwa kutiwa chomboni na kurushwa, anasalimika na kufika katika nchi ya Walenisi, na jina hilo lenyewe linamfumbulia msomaji fumbo: wale ni sisi. Wahakiki wameisoma kama kejeli ya kisiasa na kama njozi ya jamii yenye usawa, na usomaji huo ni halali, kwani mwandishi mwenyewe ameuwekea mlango. Tatizo linaanza pale mlango huo mmoja unapofanywa kuwa nyumba nzima. Tangu hapo, kila sayari inayotokea katika bunilizi ya Kiswahili inasomwa kwa kauli moja, kwamba huku ni Kenya iliyovishwa kanzu nyingine, na mhakiki akishaivua hiyo kanzu anadhani kazi imekwisha. Hewa ya huko, chakula cha huko, udongo wa huko, vyote huwa makapi ya kupepetwa ili ipatikane punje ya ujumbe.

Usomaji huo wa istiara una ubaya mmoja mkubwa: unaufanya ugeni usiwezekane. Ikiwa wale daima ni sisi, hakuna anayekutana na mwingine. Viktor Shklovsky alidai mwaka 1917 kwamba kazi ya sanaa ni kukifanya kilichozoeleka kionekane kigeni. Naye Darko Suvin, katika kitabu chake cha 1979 kuhusu bunilizi ya kisayansi, aliongeza kwamba ugeni wa utanzu huu lazima uwe na maarifa ndani yake, yaani ulimwengu mpya uwe na kanuni zinazoweza kujifunzwa. Hapo ndipo mwanagenzi anapoingia. Mtalii hutazama sayari ngeni na balozi huhojiana nayo, ila mwanagenzi peke yake ndiye anayelazimika kuijua kwa mwili, kwa kukosea na kukaripiwa. Na katika fani zote ambazo angeweza kufunzwa, manukato ndiyo yenye kumweka uchi kabisa, kwa sababu jicho linaweza kufumbwa nayo pua haifumbiki. Anayepumua amekwisha kunusa.

Kuna watakaojibu kwamba hili si suala la sayansi. Wajibiwe kwa al-Kindi, ambaye katika karne ya 9, huko Baghdad, aliandika kitabu kizima cha kemia ya manukato na ukenekaji wa maji ya maua. Wajibiwe pia kwa chombo Rosetta, ambacho mwaka 2014 kilipima gesi zilizoizunguka kimondomkia 67P na kukuta haidrojeni salfaidi, amonia na sianidi ya haidrojeni: mayai viza, zizi la farasi, na lozi chungu. Wanasayansi wenyewe ndio walioeleza matokeo hayo kwa lugha ya harufu. Wanaastronomia wamekwisha kunusa; wahakiki bado wanatazama.

Hoja iliyobaki ya upande wa pili ni ya lugha, nayo ndiyo dhaifu kuliko zote ingawa husemwa kwa sauti kubwa: eti Kiswahili hakina msamiati wa kuibeba hadithi ya namna hii. Mwenye kusema hivyo afungue kamusi. Atakuta shombo, ambayo ni harufu ya samaki. Kutuzi, ambayo ni ya jasho la mwili. Kikwapa, ambayo anaijua. Uvundo, ambao ni wa kitu kilichooza au kilichofungiwa unyevuni. Kila neno lina mahali pake. Upande wa pili atakuta ubani na uvumba, udi, miski, ambari, zabadi, zafarani, liwa, dalia, tibu. Atakuta chetezo cha kufukizia na mrashi wa kunyunyizia. Lugha isiyo na msamiati wa harufu haikosi aibu ya kujieleza, lakini lugha hiyo siyo Kiswahili.

Kuna jambo kubwa zaidi ya orodha ya maneno. Katika matumizi ya kawaida, Kiswahili hutofautisha kunuka na kunukia, na tofauti yenyewe imo katika kiambishi kimoja cha kauli ya kutendea. Aghalabu kauli hiyo humleta mtendewa: pika, pikia, leta, letea. Katika nuka na nukia haileti mtendewa yeyote, inaleta hukumu. Kiingereza kina kitenzi kimoja kisichohukumu, na msimulizi wake anaweza kuingia katika karakana ya sayari ngeni na kusema tu kwamba vitu vina harufu. Msimulizi wa Kiswahili hana starehe hiyo, isipokuwa akimbilie "kutoa harufu", msemo wenye baridi ya maabara. Kila anapopewa chupa, mwanagenzi wake lazima aamue: kinanuka au kinanukia? Na hapo ndipo penye hadithi. Fundi wa kule anamwambia kinanukia. Pua yake inamwambia kinanuka. Na sarufi yake haimruhusu kunyamaza. Siku atakayotamka "kinanukia" kwa mara ya kwanza bila kujilazimisha, ama amefuzu, ama amepotea kabisa kwa watu wa kwao. Ni riwaya gani ya Kiswahili iliyowahi kulijaribu hilo? Na ni nani atakayeijaribu ikiwa idara zenyewe zinaikataa katika ukurasa wa pendekezo?

Wala utata huo si wa kubuni. Umo katika fani yenyewe ya manukato. Mafuta ya asumini yana indoli, kemikali ambayo hupatikana pia katika kinyesi. Ambari hutoka matumboni mwa nyangumi, nayo huanza kwa kunuka vibaya hadi bahari na miaka viifanye inukie. Zabadi hukamuliwa katika tezi zilizo chini ya mkia wa fungo. Udi hutokana na mti ulioshambuliwa na kuvu. Mti mzima wenye afya hauna thamani hiyo. Fundi wa manukato, basi, ni mtu aliyejua kwamba kunuka na kunukia ni ndugu wa tumbo moja, jambo ambalo sarufi imelijua siku zote.

Riwaya mashuhuri zaidi duniani ya mwanagenzi wa manukato ni ile ya Mjerumani Patrick Süskind, Das Parfum (1985). Inasifiwa, na inastahili, kwa kuifanya Paris ya karne ya 18 kuwa sayari ngeni kwa njia ya pua tu. Lakini tuhuma moja haijasemwa vya kutosha: hiyo ni riwaya inayoudharau uanagenzi. Grenouille anapoingia katika duka la Baldini amekwisha kujua kila kitu. Anaiigiza harufu ya mshindani wa Baldini bila mizani, na fundi mzee anabaki kinywa wazi. Anachokihitaji ni mbinu za kukeneka na hati ya ufundi. Baadaye, huko Grasse, anajifunza kutandaza maua juu ya shahamu baridi ili inyonye harufu yao, kisha anaitumia mbinu hiyo kwa miili ya wasichana aliowaua. Elimu ya vizazi inageuzwa ngazi ya mteule mmoja, mwanamume, asiyemdai mtu shukrani. Wanawake katika riwaya hiyo ni malighafi.

Pwani ya Afrika Mashariki ina ushahidi wa kinyume. Huko anayetunga asumini na kufunga vikuba, anayepika udi, anayesaga liwa na kuwafundisha wadogo kipimo cha kila kitu, kwa kawaida ni mwanamke, naye hajazaliwa na kipaji cha ajabu; amefunzwa na somo wake, na pua yake imesahihishwa mara nyingi kabla haijaaminiwa. Elimu hiyo haina hati. Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umeichunguza midomo ya wanawake hao, yaani nyimbo zao za unyago na misemo ya khanga zao, ukaiacha mikono yao kwa wanaanthropolojia. Hata msemo "kwa udi na uvumba", unaotamkwa leo bungeni na katika mahubiri na watu ambao hawajawahi kushika chetezo, umesomwa kama pambo la lugha. Hakuna anayeuliza ni juhudi gani hiyo ambayo kipimo chake cha juu kabisa kilikuwa moshi wa aina mbili.

Hakusemwi hapa kwamba kila kisa cha manukato na sayari kinafaa. Vingi ni vibovu. Sayari yenye maua ya rangi ya zambarau na chupa za kioo, ambako mgeni anasifiwa siku ya pili kwa pua yake ya ajabu, ni tangazo la duka tu, na mhakiki ana haki ya kulitupa. Lakini alitupe baada ya kulisoma, kwa sababu limeshindwa kuwa geni, wala si kwa sababu limethubutu kuondoka Nairobi. Kipimo kipo na si kigumu: katika kisa kilicho mbele yake, mwanagenzi anakosea mara ngapi, nani anamsahihisha, na msimulizi anatumia kitenzi gani chupa inapofunguliwa.