Mafuriko yakiingia kiwandani: Kwa nini jenereta ya akiba haitoshi

Agosti 2017, mvua za kimbunga Harvey zikiwa zinamwagika katika jimbo la Texas, Marekani, wafanyakazi wachache walibaki ndani ya kiwanda cha kemikali cha Arkema kilichopo Crosby, karibu na jiji la Houston. Kazi yao ilikuwa moja tu: kuhakikisha kemikali haziachi kuwa baridi.

Kemikali hizo, peroksaidi, hutumika kutengenezea plastiki. Zikipata joto huanza kuvunjika zenyewe, na kadiri zinavyovunjika ndivyo joto linavyozidi, mpaka zinawaka. Hazihitaji kiberiti.

Maji yakapanda. Umeme ukakatika. Jenereta za akiba zikafikiwa na maji. Mfumo wa kupoza kwa naitrojeni nao ukashindwa. Mzigo ukahamishiwa kwenye matela tisa yenye majokofu, lakini matatu kati yake hayakuweza kusogezwa sehemu ya juu.

Agosti 29, wafanyakazi wakaondolewa, na zaidi ya wakazi 200 waliokuwa ndani ya kilomita 2.4 wakatakiwa kuhama. Agosti 31, tela la kwanza likashika moto. Mawili yakafuata siku iliyofuata. Sita yaliyobaki yalichomwa kwa makusudi Septemba 3, ili kumaliza hatari.

Takriban tani 159 za kemikali ziliteketea. Watu 21 walitafuta matibabu baada ya kuvuta moshi na mvuke, na wakazi walikaa mbali na nyumba zao kwa wiki nzima.

Ulinzi mwingi, adui mmoja

Kwenye karatasi, kiwanda hicho kilikuwa na ulinzi wa tabaka kadhaa: umeme wa gridi, jenereta, naitrojeni, kisha matela. Tatizo ni kwamba tabaka zote zilikuwa na udhaifu uleule, yaani maji.

Hapo ndipo ajali inayoanzishwa na janga la asili inapotofautiana na ajali ya kawaida. Bomba likipasuka siku ya jua, umeme upo, barabara zinapitika na zimamoto wanafika. Mafuriko au tetemeko huvunja mtambo na papo hapo huondoa kila kitu ambacho kingeuokoa.

Uturuki iliyaona haya Agosti 17, 1999. Tetemeko la Izmit lililoua zaidi ya watu 17,000 liliwasha moto pia katika kiwanda cha kusafisha mafuta cha Tüpraş. Tetemeko hilohilo lilikata maji ya kuzimia moto, huku waokoaji wakihitajika kila kona kufukua watu chini ya vifusi.

'Mafuriko ya miaka 100' si ya miaka 100

CSB, bodi ya Marekani inayochunguza ajali za kemikali, ilibaini kuwa kampuni ya bima ya kiwanda cha Crosby ilikuwa imeandika mwaka 2016 kwamba eneo hilo lipo kwenye bonde la mafuriko. Wafanyakazi waliokuwepo wakati wa ajali hawakuwa na habari hiyo. Bodi ilisema pia kuwa miongozo ya sekta nzima kuhusu mafuriko haikutosha.

Sehemu ya tatizo ni lugha. Mtu akisikia "mafuriko ya miaka 100" anadhani yakija leo, wajukuu zake ndio watayaona tena. Sivyo. Maana yake ni uwezekano wa asilimia 1 kila mwaka. Kiwanda kikikaa hapo miaka 30, uwezekano wa kukutana nayo walau mara moja ni kama asilimia 26, yaani zaidi ya mara moja kati ya nne. Na hesabu hiyo inategemea mvua za zamani, ilhali hali ya hewa inabadilika.

Wimbi lilelile, matokeo tofauti

Je, inawezekana kujikinga? Japan ina jibu.

Machi 11, 2011, tsunami ilipiga vituo viwili vya nyuklia kwenye pwani moja. Fukushima Daiichi kilikuwa kimejiandaa kwa mawimbi ya mita 5.7. Yalikuja ya takriban mita 14. Jenereta nyingi za dharura zilikuwa sehemu za chini za majengo, zikazama, mitambo ikakosa kupozwa.

Onagawa kilikuwa karibu zaidi na kitovu cha tetemeko. Lakini kilijengwa kwenye kiwanja kilichoinuliwa karibu mita 15 juu ya bahari. Kilizimwa salama, na baadhi ya wakazi waliopoteza nyumba zao walipewa hifadhi humohumo. Tofauti kubwa ilikuwa uamuzi uliofanywa miongo kadhaa kabla, wakati kiwanja kinachaguliwa.

Huku kwetu je?

Goma, mashariki mwa DRC, inajua uchungu huu. Januari 2002 lava ya mlima Nyiragongo ilipita katikati ya mji. Siku chache baadaye kituo cha mafuta kilicholikaribia joto hilo kililipuka na kuua makumi ya watu, wengi wakiwa wamekwenda kuchota mafuta.

Kwenye pwani ya Afrika Mashariki, maghala ya mafuta ya Dar es Salaam na Mombasa yapo karibu na bahari kwa sababu ndipo meli zinapoteremsha mzigo. Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 nchini Kenya na Tanzania, pamoja na kimbunga Hidaya kilichofika pwani ya Tanzania mwezi huo wa Mei, yameonyesha kuwa mvua kubwa na upepo mkali si habari za Texas peke yake.

Umoja wa Ulaya, kupitia maelekezo yake ya mwaka 2012 yanayoitwa Seveso III, unawataka wenye mitambo hatari kuingiza matetemeko na mafuriko katika ripoti zao za usalama. Yaani mwenye kiwanda hawezi kusema tu "ilikuwa kazi ya Mungu". Anatakiwa aonyeshe aliifikiria mapema.

Ugumu upo kwenye pesa. Kuinua jenereta juu ya nguzo kunalipiwa leo. Faida yake inaweza kuonekana baada ya miaka 20, meneja wa leo akiwa ameshastaafu. Asipolipa yeye, bili inamwendea jirani.

Maswali manne ya kuuliza

Mkazi, diwani au mwandishi hahitaji digrii ya kemia kuuliza haya:

- Jenereta ya akiba ipo juu au chini ya kiwango cha mafuriko makubwa yaliyowahi kutokea hapo?
- Umeme ukikosekana kwa siku tatu na barabara ikakatika, nini kitalindaje kemikali au mafuta?
- Ripoti ya bima au ya mazingira inasema nini, na wafanyakazi wa zamu wameisoma?
- Majirani watapewa taarifa kwa njia gani ikiwa mtandao wa simu umezimika?

Meneja akishindwa kujibu hilo la kwanza, hayo mengine hayana haja ya kusubiri mvua.