Kuongeza oili sio kutengeneza gari

Leo nataka tuongelee matone ya oili.

Hapa Nakivale, Land Cruiser za zamani, zile za sirisi ya 70 zilizoanza kutengenezwa 1984, bado zinapiga kazi. Zinabeba watu, mahindi, na hata wagonjwa wa kwenda hospitali ya Mbarara. Angalia pale zinapopaki: nyingi zinaacha doa jeusi chini. Ukimuuliza mwenye gari anakujibu, "Hiyo ni kawaida yake, tunaongezaga tu." Mimi nasema sio kawaida, na sisi tunaojifunza ufundi tusilizoee hilo neno.

Kwanza, tujue inavuja wapi. Inaweza kuwa gia boksi, transfa, difu ya mbele, difu ya nyuma, au habu ya gurudumu. Vumbi likishachanganyika na oili, kote kunafanana. Gari ikitembea, upepo unairusha oili nyuma, kwa hiyo pale tone linapodondokea sio lazima ndipo lilipoanzia. Osha chini, kausha, endesha kidogo, halafu lala chini na tochi. Hiyo ni kazi, na ilipwe kama kazi.

Pili, tuulize kwa nini inavuja. Difu ikitembea inapata moto na hewa ya ndani inapanuka. Juu ya ekseli kuna kitundu cha kupumulia. Matope na vumbi la barabara zetu vinakiziba. Hewa ikikosa njia, inasukuma oili ipite kwenye sili. Fundi anaweka sili mpya, mwenye gari analipa, baada ya muda inavuja tena. Hapo utasikia fundi ni mwizi, spea ni feki. Kumbe kitundu hakijaguswa! Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini huku ukiziba ufa bila kujua kinachosukuma, utaziba kila mwezi. Angalia pia kama beringi inacheza, na kama chuma kinachozunguka ndani ya sili kimelika. Na usijaze kupita kiasi: oili ifike usawa wa tundu la kujazia, basi.

Najua jibu la wenye magari: oili ni rahisi, na gari ikilala gereji hela hakuna. Ni kweli, watu wanatafuta chakula cha watoto. Lakini siku utakayosahau kuongeza, difu itakauka, itaanza kulia, na meno ya gia yataisha. Hapo hutafuti sili tena. Unatafuta difu nzima Mbarara au Kisekka kule Kampala, na gari italala wiki, sio siku moja.

Na kuna kubwa kuliko hela. Sili ya habu ya nyuma ikiisha, oili inaingia ndani ya drami na kulowesha viatu vya breki. Gurudumu hilo halishiki tena vizuri. Mtelemkoni, na watu wamejaa nyuma, doa la oili linageuka mambo ya uhai. Mama aliyekaa juu ya magunia hajui habari ya sili. Anayejua ni fundi na mwenye gari, na wote wawili walisema ni kawaida.

Ndiyo maana nawaomba vijana mlio kwenye magereji: mkiona gurudumu lina oili kwa ndani, semeni wazi kwamba gari hii isibebe watu mpaka ifunguliwe. Mteja anaweza kukasirika na kwenda kwa mwingine. Sawa, aende. Lakini kama sote tutamwambia neno moja, ataenda wapi?