Paka Naye Huungwa Mfupa

Hapa Ifo, kambi iliyofunguliwa mwaka 1991, paka si pambo. Bila yeye panya wangalimaliza unga wa mgao. Wetu alipovunjika mguu wa mbele nilimwendea mzee aungaye mifupa ya mbuzi. Akamfunga banzi za vijiti juu ya pamba, akanionya: vidole vikivimba au vikipoa, legeza upesi. Jirani akaleta Panadol. Nikakataa, hata kipande chaweza kumwua paka. Majuma sita alikaa sandukuni. Wapo walionicheka, eti watu wenyewe hawana dawa. Ni kweli hawana. Lakini je, wamemsahau Abu Huraira, aliyeitwa baba wa kipaka? Sasa anachechemea kidogo, na panya wamekwisha kumtambua.